Mto hausomi karatasi: sheria za mazingira na korongo la Ntahangwa kule Gihosha

Hati ya kipindi cha mazingira. Imechapishwa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji na kwa wale ambao redio zao hazina betri wiki hii. Msomaji wa kikundi asome taratibu, asimame kila mwisho wa sehemu, na awaache watu waulize.

(MUZIKI WA KUFUNGUA, SEKUNDE 15, UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Kama uko kwenye foleni ya maji, kama uko jikoni unapuliza kuni mbichi, kama umekaa mlangoni unamsuka mtoto nywele, karibu tukae pamoja. Mimi ni mtangazaji wenu wa siku zote, na leo tutazungumza juu ya sheria nzuri ambazo hazifanyi kazi.

Tuanze na swali. Wiki mbili zilizopita mama mmoja alinisimamisha njiani nikitoka studio. Akaniambia: "Mwanangu, wewe ni mtoto wa Gihosha, nisaidie. Mume wangu aliacha kiwanja kule, karibu na mto Ntahangwa. Tuna karatasi yenye muhuri. Sasa tunasikia kwamba karibu na mto hairuhusiwi kujenga, na wengine wanasema watu wanajenga kila siku na hakuna anayewagusa. Tukirudi, tujenge au tusijenge?"

Mama, nilikuahidi jibu redioni, na leo ninalitoa. Najua si wewe peke yako. Humu kambini kuna watu wengi wenye kiwanja, nyumba au urithi karibu na mto au ziwa, wawe wametoka Bujumbura, Uvira au Baraka. Kurudi au kutorudi ni uamuzi wa mtu mwenyewe, na kipindi hiki hakimsukumi mtu yeyote. Ila ukiamua, ni vizuri uamue huku ukijua.

(MUZIKI MFUPI)

SEHEMU YA KWANZA: GIHOSHA NA MTO WAKE

MTANGAZAJI: Kwa ndugu zetu Wakongo, na kwa watoto waliozaliwa hapa kambini, nielezee kidogo. Gihosha iko upande wa kaskazini-mashariki wa Bujumbura, pale mji unapoanza kupanda mlima. Zamani ilikuwa komini peke yake. Baadaye komini 13 za mji zilipunguzwa zikabaki 3, yaani Muha, Mukaza na Ntahangwa, na Gihosha ikawa zoni ndani ya Ntahangwa. Kuna mitaa ya wenye nacho kama Kigobe, na kuna mitaa ya watu wa kawaida kama Gasenyi, Nyabagere na Winterekwa.

Sasa angalia jinsi nchi ilivyokaa. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita kama 770 juu ya usawa wa bahari. Vilele vya milima ya Mumirwa, inayoutazama mji kutoka mashariki, vinapita mita 2,000. Umbali kati ya vilele na ziwa ni mdogo sana, kilomita 20 hadi 30 hivi. Kwa hiyo mvua ikinyesha juu, maji hayatembei, yanakimbia. Yanashuka kwa mito mifupi yenye hasira: Ntahangwa, Muha, Kanyosha, Nyabagere, Gasenyi. Wakati wa kiangazi unavuka Ntahangwa bila kulowanisha magoti. Mvua ikishika mlimani, saa moja baadaye mto huo huo unabeba mawe makubwa kama sufuria ya harusi, na usiku unayasikia yakigongana.

Ntahangwa umechimba korongo refu katikati ya mji. Upande mmoja ni Gihosha, upande wa pili ni mitaa kama Mutanga Sud na Nyakabiga. Kila masika ukingo unamegeka. Leo unaondoka mti, mwakani unaondoka ua, mwaka unaofuata jiko, kisha chumba cha kulala.

Na si Ntahangwa peke yake. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mvua kubwa ilishuka kwenye milima ya juu ya Bujumbura. Maji na matope yakaingia mitaa ya kaskazini: Kamenge, Kinama, Buterere, Carama. Watu zaidi ya 60 walikufa, na maelfu walibaki bila nyumba. Wengi waliokuwepo usiku ule wako humu kambini na wananisikiliza. Poleni tena.

(KIMYA, SEKUNDE 3)

SEHEMU YA PILI: SHERIA ZINASEMAJE

MTANGAZAJI: Watu husema, "Burundi haina sheria ya mazingira." Si kweli. Sheria zipo, na ukizisoma utaona zilitungwa na watu waliofikiri. Nitataja tatu.

Ya kwanza ni Kanuni ya Mazingira. Ilitoka tarehe 30 Juni 2000, kisha ikaandikwa upya na kutolewa tarehe 25 Mei 2021. Hii ndiyo mama wa sheria nyingine zote za mazingira.

Ya pili ni Kanuni ya Maji, sheria nambari 1/02 ya tarehe 26 Machi 2012. Hii ndiyo inayomhusu mama aliyeniuliza swali. Inasema ukingo wa maji ni mali ya umma. Kando ya Ziwa Tanganyika ni mita 150. Kando ya maziwa mengine ni mita 50. Kando ya mito inayomwaga maji Tanganyika ni mita 25, na mito mingine ni mita 5. Ntahangwa unamwaga Tanganyika, kwa hiyo ni mita 25 kila upande. Na zingatia hapa: huanzi kupima pale maji yalipo wakati wa kiangazi. Unaanzia pale maji yanapofika yakijaa kabisa.

Ya tatu ni amri ya Rais ya tarehe 8 Agosti 2018 kuhusu mifuko ya plastiki, ile tunayoiita shashe. Ilikataza kuiingiza nchini, kuitengeneza, kuiuza na kuitumia, isipokuwa vifungashio vya kazi maalumu kama za dawa na hospitali. Wafanyabiashara walipewa miezi 18 wamalize walichokuwa nacho. Muda huo uliisha Februari 2020.

Sasa niambie wewe uliyekuja kambini baada ya mwaka 2020, au wewe unayezungumza na ndugu zako huko kwa simu: je, shashe imeisha sokoni? Haijaisha. Inauzwa kwa kujificha kidogo, na mahali pengine hata kujificha hakupo. Kisha inaingia mitaroni, mtaro unaziba, maji ya mvua yanatoka nje ya mtaro yanatafuta njia yake, na njia rahisi ni kuteremka ukingo wa korongo. Ndiyo maana nimeziweka sheria hizi pamoja. Shashe unayoitupa Kigobe inaweza kuangusha choo cha mtu aliye chini yako.

(MUZIKI MFUPI)

SEHEMU YA TATU: NILICHOKIONA MWENYEWE

MTANGAZAJI: Nisiongee kama mtu aliyesoma tu. Mimi nilikulia Gihosha, si mbali na korongo. Baba alinunua kiwanja kabla sijaanza shule. Kiongozi mmoja alikuja kushuhudia, akatembea kutoka kwenye mpaka hadi kwenye ukingo akihesabu hatua, akasema ni mbali, hakuna tabu. Akatia saini. Sitamtaja jina wala cheo. Kuna kitu alipewa siku ile, na sisi ndio tuliompa, kwa hiyo sina mdomo mkubwa wa kumlaumu.

Nilipokuwa darasa la tano, mimi na wenzangu tulishuka mtoni baada ya shule kuokota mawe. Tuliyapanga mafungu kando ya njia, lori likaja, tukalipwa. Kwa pesa ile nilinunua madaftari na mara moja nilimnunulia mama chumvi na sabuni. Nilijisikia mwanaume. Juu yetu kulikuwa na kibao: ni marufuku kuchimba mawe na mchanga. Sote tulijua kusoma. Mtu wa usalama alikuwa akija, tunakimbia, anachukua koleo moja, anaondoka. Lori lenyewe sikuona likisimamishwa hata siku moja.

Sasa nieleze kwa nini mawe yale yana maana. Fikiria mafiga. Ukitoa figa moja, sufuria inalala. Mawe ya mtoni ndiyo yanayoshika sakafu ya mto na miguu ya ukingo. Ukiyatoa, maji yanachimba chini zaidi. Sakafu ikishuka, ukingo unabaki umening'inia bila miguu, na mvua inayofuata unaanguka. Ongeza hapo miti iliyokatwa ambayo mizizi yake ilikuwa inashika udongo. Ongeza mapaa ya mabati na barabara za lami huko juu, ambavyo havinywi maji hata tone, vinayamwaga yote bondeni kwa mara moja. Ndivyo korongo linavyopanuka.

Mwaka 2015 tulikimbia. Baba mdogo alibaki. Masika moja alinitumia picha kwa simu. Pale ambapo baba alipanda mwembe, ni hewa. Ukuta wa jikoni umebaki nusu. Nilihesabu kwenye picha: kutoka kwenye mlango hadi ukingoni ni kama hatua 8. Siku tuliyonunua zilikuwa 40.

Kwa hiyo kiongozi yule hakusema uongo kuhusu hatua. Zilikuwa 40 kweli. Lakini mto hausomi karatasi. Mstari wa mita 25 unahama kila ukingo unapomegeka, na karatasi yako inabaki pale pale. Na mawe niliyouza mimi ni sehemu ya hatua 32 zilizopotea. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nililichuma kwa madaftari, na anayelila ni baba mdogo.

(MUZIKI, SEKUNDE 10)

SEHEMU YA NNE: KWA NINI SHERIA INABAKI KWENYE KARATASI

MTANGAZAJI: Tukisema tu "viongozi ni wala rushwa" tunakuwa tumemaliza mapema mno. Rushwa ipo, na ni mbaya. Lakini kuna mambo mengine yanayoifungulia mlango. Nimeyapanga matano.

Jambo la kwanza: ofisi ni nyingi, na kila moja inatazama nyingine. Mazingira yako chini ya ofisi inayoitwa OBPE. Migodi na machimbo ya mawe na mchanga yako chini ya OBM. Mipango ya mji na ujenzi iko chini ya OBUHA. Halafu kuna komini, zoni na mkuu wa mtaa. Sasa mtu anachimba mawe chini ya nyumba inayojengwa ukingoni mwa mto. Hilo ni la nani? Kila ofisi inaweza kusema kwa haki kabisa, "Nenda kwa wenzetu." Mwananchi anazunguka siku tatu, anachoka, anarudi nyumbani. Lori halichoki.

Jambo la pili: sheria inakataza kitu ambacho kinaleta pesa. Mchanga, kokoto na mawe ni chanzo cha ushuru kwa komini. Ukiwa kiongozi wa chini, na kila mwezi unaulizwa umekusanya kiasi gani, lakini hakuna anayekuuliza ukingo umemegeka kiasi gani, utasimamia lipi? Huyo si lazima awe mtu mbaya. Anafanya kile anachoulizwa.

Jambo la tatu: anayetakiwa kusimamia hana kifaa. Mkuu wa mtaa anaambiwa alinde mita 25, lakini hana futi ya kupimia, hana ramani, hana usafiri. Anaishi hapo hapo, na mvunja sheria ni jirani yake, pengine ni shemeji yake. Akimshtaki leo, kesho watakutana kwenye msiba. Waliotunga sheria wako ofisini, yeye ndiye anayelala mtaani.

Jambo la nne: sheria haikuja na njia nyingine. Mchimba mawe akiambiwa aache, kesho atakula nini? Mama anayeuza dagaa akinyang'anywa shashe, dagaa atawafungia nini kwa bei ile ile? Ukikataza bila kuonyesha njia nyingine, watu hawaachi, wanajificha. Na mtu anayejificha ni rahisi kumtoza kitu kidogo. Hapo ndipo rushwa inapozaliwa. Katazo lenyewe linageuka kuwa biashara ya anayelisimamia.

Jambo la tano: sheria inampiga mnyonge na kumpisha mkubwa. Koleo linachukuliwa, lori linapita. Nyumba ya udongo inawekewa alama nyekundu ya kubomolewa, ghorofa lililo mita kumi kutoka majini linaendelea kupanda. Mtu akiona hivyo mara mbili, haoni tena sheria kama kinga yake. Anaiona kama fimbo ya wenzake. Siku serikali ikija kwa nia njema kabisa kumwambia "Hama, ukingo utaanguka," hataamini. Atasema wanataka kiwanja chake. Na hilo, ndugu msikilizaji, ndilo linaloua watu: onyo la kweli linafanana na uongo wa jana.

Niongeze dogo hapa. Sheria hizi zimeandikwa kwa Kifaransa cha mahakamani. Mchimba mawe wa Winterekwa anazungumza Kirundi na Kiswahili. Hata kama angetaka kutii, nani amemsomea?

(MUZIKI MFUPI)

SEHEMU YA TANO: JE, KUNA MAHALI ILIPOWEZEKANA?

MTANGAZAJI: Ipo mifano. Rwanda ilitoa sheria ya kukataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mtu anayeingia nchini hupekuliwa mpakani. Kenya ilianza tarehe 28 Agosti 2017 kwa adhabu kali mno: faini ya kuanzia shilingi milioni 2 za Kenya hadi milioni 4, au kifungo. Hapa Tanzania katazo lilianza tarehe 1 Juni 2019. Ukikutwa nao ni faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000 au kifungo kisichozidi siku saba, na mwenye kiwanda anaweza kutozwa mamilioni mengi. Wenye redio wanakumbuka matangazo ya wakati ule.

Ni nini kilisaidia? Kwanza, walibana pia juu, kiwandani na mpakani, si mama wa sokoni peke yake. Pili, mifuko mingine ilikuwepo dukani siku hiyo hiyo, ile ya kitambaa laini tunayobebea mahitaji. Tatu, kila mtu alijua tarehe.

Lakini nisiwadanganye kwamba huko kila kitu ni safi. Hapa Tanzania zile karatasi nyembamba za nailoni, vifungashio vya bidhaa, ziligeuzwa kuwa mifuko ya kubebea, na serikali ikalazimika kurudi tena sokoni kuwakumbusha watu. Sheria ni kama nyumba ya udongo. Ukimaliza kuijenga hujamaliza, kila masika unaipaka upya.

Na kwa upande wa mito, Burundi yenyewe imeanza jambo. Mwaka 2018 ilizinduliwa kampeni ya kupanda miti inayoitwa Ewe Burundi Urambaye, na mianzi ilipandwa kando ya mito. Mwanzi unakua haraka na mizizi yake inafungamana kama mkeka, inashika udongo. Pia kuna kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi, ambapo mitaro inaweza kuzibuliwa. Hizi ni kazi nzuri. Ila mwanzi uliopandwa Jumamosi hauwezi kushindana na koleo linalochimba kuanzia Jumapili hadi Ijumaa.

(MUZIKI MFUPI)

SEHEMU YA SITA: JIBU LA MAMA

MTANGAZAJI: Mama, sasa nakujibu. Usijenge kwa sababu wengine wanajenga. Kwamba hakuna anayewagusa leo si kibali. Mita 25 ziko kwenye sheria, na sheria iliyolala inaweza kuamshwa siku yoyote, mara nyingi baada ya maafa, na ikiamka huwa haikuulizi ulitumia kiasi gani. Na hata isipoamka, mto wenyewe hauhongeki.

Kabla ya kununua, kujenga au kuuza kiwanja kilicho karibu na mto, fanya mambo haya sita.

Moja. Mwombe ndugu aliye kule apime upya sasa, kwa futi, kutoka kwenye mpaka wa kiwanja hadi kwenye ukingo wa leo. Usitumie namba iliyo kwenye karatasi ya zamani.

Mbili. Muulize mzee jirani: miaka kumi iliyopita ukingo ulikuwa wapi? Kama umesogea hatua 20 kwa miaka 10, hesabu mwenyewe utafika lini mlangoni kwako.

Tatu. Angalia dalili. Nyufa ardhini zinazofuatana na ukingo, miti iliyoinama kuelekea mtoni, ukuta uliopasuka kuanzia chini. Hizo ni barua za mto. Ukiziona, usilaze watoto chumba cha upande huo wakati wa mvua.

Nne. Muhuri wa mtaa pekee hautoshi. Uliza kama ramani ya mji inatambua kiwanja hicho kuwa cha kujenga, na upate jibu kwa maandishi. Anayekuambia "hakuna tabu" kwa mdomo, mwombe aandike. Ukiona kalamu imekuwa nzito, umeshapata jibu.

Tano. Ukipewa onyo la kuhama, uliza maswali matatu: ni sheria gani, ni ofisi gani, na tarehe ni ipi. Kuuliza si kukataa. Weka nakala ya karatasi zako mahali pawili, na moja apewe mtu asiyeishi ukingoni.

Sita. Usimuuzie mtu mwingine kwa kumficha. Najua hili ni gumu. Sisi wenyewe nyumbani kwetu tulijadili. Kuna mtu alitaka kununua ile sehemu yetu iliyobaki, kwa bei nzuri, na hakuwa ameiona. Mama yangu alisema: "Pesa hiyo tutakula, halafu siku ukiletewa habari redioni kwamba nyumba imeanguka na watoto, utaisoma kwa sauti gani?" Hatukuuza. Hatujui tutafanya nini na kiwanja kile. Labda tutapanda mianzi.

(KIMYA, SEKUNDE 3)

SEHEMU YA SABA: NA HAPA KAMBINI?

MTANGAZAJI: Usifikiri tunazungumza mambo ya Bujumbura tu. Hapa Tanzania Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, ziwa au bwawa. Na nyote mnajua makatazo ya kukata miti mibichi.

Sote pia tunajua kinachotokea. Tunakata, kwa sababu chakula kibichi hakiliki. Mara nyingine mtu anakamatwa, mara nyingine anapita kwa kutoa kitu kidogo, na mara nyingine mama anarudi bila kuni na bila panga. Ni yale yale matano ya Gihosha. Tofauti ni kwamba hapa korongo linaanza kuchimbika mbele ya macho yetu, pembeni mwa njia zetu, na bado ni dogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tunaweza nini sisi ambao hatutungi sheria? Tunaweza kuweka mawe na magunia ya udongo kwenye vijito vidogo kabla havijawa vikubwa, mtaa kwa mtaa. Tunaweza kuacha kulima hadi kwenye mdomo wa maji. Tunaweza kuzungumza na wakuu wa mitaa na zoni wetu kwenye mkutano mbele ya watu, si gizani, na kuwauliza: katazo hili lina njia gani nyingine? Kuni zitatoka wapi? Majiko sanifu yatafika lini? Swali likiulizwa na watu mia mbele ya watu mia, ni gumu kulijibu kwa mkono chini ya meza.

Na wewe kijana unayesikiliza, ambaye kesho utakuwa mkuu wa mtaa kule Gihosha, Fizi au popote: siku utakapopewa muhuri, kumbuka kwamba kila unapougonga kuna mtu atalala juu ya saini yako.

(MUZIKI WA KUFUNGA UNAPANDA POLEPOLE)

YA KUKUMBUKA

Sheria za kulinda mito, ziwa na mazingira zipo Burundi. Kando ya Ntahangwa ni mita 25, kando ya Ziwa Tanganyika ni mita 150. Hupimwa kutoka pale maji yanapofika yakijaa.

Ukingo unahama, karatasi haihami. Pima upya.

Sheria isiyo na njia nyingine, isiyo na vifaa na inayompisha mkubwa huzaa rushwa na huua imani.

MASWALI KWA KIKUNDI

1. Kule ulikotoka, kuna katazo gani la mazingira ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelifuata? Kwa nini?

2. Kama wewe ungekuwa mkuu wa mtaa, na mchimba mawe ni shemeji yako mwenye watoto watano, ungefanya nini kesho asubuhi?

3. Ni kijito gani karibu na mtaa wenu hapa kambini kinachopanuka? Nani yuko tayari kubeba mawe Jumamosi hii?

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, muda wetu umeisha. Mama uliyeniuliza swali, kama jibu halijatosha, unajua njia ninayopita nikitoka studio. Nisimamishe tena. Wengine andikeni majibu ya kikundi chenu, mtupe barua kwenye sanduku lililo mlangoni pa studio, tutayasoma wiki ijayo. Ukiwa na ndugu anayelala karibu na korongo, mpigie leo kabla mvua haijanyesha.

Mbaki salama, na usiku mwema.

(MUZIKI UNAPANDA, MWISHO)